Mein Swichi Yako Itahimili?

Swali ni lile lile, linakuja kwa sura tofauti. Mmoja amenunua presha kuka ya umeme na sasa anaogopa kuichomeka. Mwingine anajenga Njombe, anataka shawa ya maji moto, na hajui kama boksi alilofungiwa litaibeba. Wa tatu ameambiwa na fundi kwamba bila fezi tatu asifikirie kiyoyozi cha pili, na bei aliyotajiwa imemtoa jasho. Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe mwaka 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, maswali ya aina hii yamezidi. Watu wanatoka kwenye mkaa, wanakuja kwenye waya.

Nianze na jibu, kisha nieleze njia ya kulihakikisha. Nyumba nyingi za fezi moja zina umeme wa kutosha unaoingia. Kinachopungua ni njia za ndani: soketi zote zimerundikwa kwenye breka moja, na shawa imedandia waya wa taa. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha boksi wala kuomba fezi tatu kabla hujafanya hesabu iliyo hapa chini. Unahitaji karatasi, kalamu na simu yenye kamera.

Kwanza, usiguse

- Usifungue kifuniko cha mein swichi. Hata ukiizima, vituo vinavyopokea waya kutoka kwenye mita bado vina moto. Hapo ndipo watu wanaumia, kwa kudhani wamezima kila kitu.
- Usikate sili ya mita. Mbali na hatari, utaonekana unaiba umeme.
- Weka mgongo wa mkono juu ya kifuniko cha boksi usiku, wakati vitu vingi vinawaka. Uvuguvugu kidogo ni kawaida. Joto la kukufanya uondoe mkono si kawaida.
- Ukisikia mvumo wa kuchemka, harufu ya plastiki iliyoungua, au ukiona rangi ya kahawia pembeni mwa breka, acha kusoma hapa. Zima mzigo, ita fundi. Hilo si suala la uwezo tena.

Soma namba nne

Uwezo wa nyumba hauandikwi mahali pamoja. Umeme unapita kwenye vitu vinne kabla ya kufika kwenye soketi, na kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua.

1. Mita. Kwenye uso wa LUKU, au TUKUZA kwa wasomaji wa Zanzibar, tafuta maandishi kama 5(60)A au 5(80)A. Namba iliyo ndani ya mabano ndiyo ampea nyingi kabisa ambazo mita hiyo imeundwa kuzipitisha. Kama kuna breka ya shirika la umeme karibu na mita, soma na ya kwake. Ikiwa ndogo kuliko ya mita, hiyo ndiyo inayotawala.

2. Waya kutoka kwenye mita hadi mein swichi. Huu ndio unaosahaulika, na kwangu ndio wa kuutilia shaka kuliko vingine. Unene wake huandikwa juu ya ganda kwa milimita za mraba. Kwa ampea 60 napenda kuona 16. Ukiwa 10, fundi aangalie umbali wake na kama umefukiwa ukutani ndani ya paipu. Ukiwa 6, nyumba yako haina ampea 60 hata kama mita inasema hivyo. Mita ikikaa kwenye ukuta wa uzio na boksi likawa sebuleni, ule urefu wa katikati ndipo watu hubana matumizi.

3. Mein swichi yenyewe. Kwenye swichi kubwa utaona 63A au 100A. Hiyo ni namba ya kile inachoweza kubeba, haikupi umeme huo. Mein swichi ya 100A iliyofungwa nyuma ya mita ya 60A bado ni nyumba ya ampea 60. Tena mara nyingi swichi hiyo ni ya kuzimia tu, haishuki yenyewe mzigo ukizidi. Vivyo hivyo ile breka yenye kitufe cha T: imewekwa kugundua umeme unaovuja, na nyingi hazijali mzigo umefika ngapi.

4. Breka moja moja. C10, C20, C32: namba baada ya herufi ni ampea za njia hiyo.

Watu wengi hufika hapa wakajumlisha breka zote, wakapata 150 au 160, wakaogopa. Usijumlishe. Breka inalinda waya wake, haisemi unatumia kiasi gani. Jumla ya breka kuzidi mein swichi ni jambo la kawaida kabisa.

Nyumba za zamani, kama zile za Upanga au Magomeni zenye boksi la fyuzi za waya, hazina breka za kusoma. Vishikio vya fyuzi mara nyingi vina alama za rangi: nyeupe ni ampea 5, buluu 15, njano 20, nyekundu 30. Lakini usiamini rangi kabla fundi hajaona ni waya gani umefungwa ndani. Nyuzi za shaba zilizosokotwa kutoka kwenye kebo hazikatiki. Zinaacha nyumba iungue kwanza. Boksi la namna hiyo libadilishwe, hata kama hesabu ya mzigo inaonyesha linatosha.

Andika mzigo wako

Zunguka nyumba nzima, geuza kila kifaa, soma wati zilizoandikwa nyuma au chini. Pale ambapo karatasi imefutika, tumia makadirio haya:

- Balbu ya LED: 9
- Feni: 60
- Televisheni: 100
- Friji: 150 ikiwa inazunguka
- Friza: 200
- Presha kuka ya umeme: 1,000
- Pasi: 1,200, nyingine hupita 2,000
- Maikrowevu: 1,200 hadi 1,500. Wati 700 au 800 wanazotangaza ni za kupashia chakula. Inachovuta ukutani ni zaidi.
- Kiyoyozi cha BTU 12,000: 1,200
- Birika la umeme: 2,000
- Jiko la umeme la sahani mbili: 2,000 hadi 2,500
- Pampu ya maji ya hosipawa moja: 1,100 ikiwa inazunguka, na mara kadhaa ya hapo kwa sekunde ile inapoanza
- Shawa ya maji moto ya papo kwa papo: 5,500, na zipo za 7,500

Gawanya wati kwa 230 upate ampea. Wasomaji wa Kenya gawanyeni kwa 240. Mita ya ampea 60 kwa volti 230 inabeba wati 13,800.

Angalia shawa kwenye orodha hiyo. Peke yake inavuta karibu ampea 24, sawa na presha kuka tano na nusu. Kila anayeniuliza kuhusu presha kuka namwuliza kwanza kama ana shawa, maana presha kuka yenyewe haijawahi kuwa tatizo la mtu. Ni ampea nne na ushee.

Nini kinawaka kwa pamoja?

Hapa ndipo hesabu ya fundi mwenye haraka inapopotoka. Anajumlisha kila kilichomo ndani, anapata namba kubwa, anakuambia fezi tatu. Nyumba haiishi hivyo. Hupigi pasi, huogi, hupandishi maji na hupiki kwa sekunde moja.

Chukua saa yako mbaya kuliko zote. Kwa familia nyingi ni kati ya saa moja na saa tatu usiku, au alfajiri kabla ya shule. Tuseme usiku: friji 150, friza 200, televisheni 100, balbu kumi 90, feni tatu 180, presha kuka 1,000, kiyoyozi 1,200, na mtu yuko bafuni kwenye shawa ya 5,500. Jumla ni 8,420, yaani ampea 37 hivi. Mgeni akija ukawasha birika, inafika 10,420, ampea 45.

Kwa mita ya 60 bado mambo ni salama. Mimi huacha moja ya tano kama akiba, hivyo nyumba ya ampea 60 naihesabu kuwa ya 48 kwa mzigo wa muda mrefu. Ukikuta saa yako mbaya iko chini ya hapo, uwezo unatosha. Ikiwa kati ya 48 na 60, unaweza kuishi kwa kupanga ratiba: pampu ipandishe maji mchana, pasi ipigwe asubuhi. Ikizidi 60, endelea hadi kwenye sehemu ya fezi tatu.

Acha mita iseme

Kama huamini makadirio, na usiyaamini sana, mita yako inaweza kukupa jibu. Kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake, kila mipepeso 1,000 ni yuniti moja.

Usiku wa mzigo mkubwa fanya hivi:

- Washa vitu vyote ambavyo kweli huwaka pamoja nyumbani kwako, shawa ikiwemo.
- Rekodi taa hiyo kwa video ya nusu dakika. Macho hayawezi kuhesabu kasi hiyo, kwa hiyo rudisha video polepole na uhesabu.
- Zidisha idadi kwa 2 upate ya dakika nzima, kisha kwa 60, kisha gawanya kwa namba iliyoandikwa kwenye mita. Jibu ni kilowati.

Ukihesabu mipepeso 75 kwenye mita ya 1000, ni 150 kwa dakika, ni kilowati 9, ni ampea 39. Namba ya mita yako ikiwa 1600 au 3200 tumia hiyo, usikariri ya kwangu. Fundi mwenye klampu ya kupimia ampea atapata jibu hilo kwa dakika moja, lakini wewe utakuwa tayari unajua akikudanganya.

Breka ikishuka, angalia inashukaje

Wengi wanadhani breka ikishuka basi umeme hautoshi. Si lazima. Jinsi inavyoshuka inakueleza.

Inashuka papo hapo, na ukiipandisha inashuka tena kabla hujaondoa kidole: hiyo ni shoti. Chomoa vitu vya njia hiyo. Ikiendelea, shoti iko kwenye waya.

Inashuka baada ya dakika kadhaa, hasa mkipika: hiyo ndiyo mzigo uliozidi kwenye njia. Soketi zote za jikoni na sebuleni zikiwa kwenye breka moja ya 20, una wati 4,600 tu. Birika, presha kuka, pasi na maikrowevu ya wati 1,400 zikikutana hapo ni 5,600, ampea 24. Breka ya 20 inaweza kuvumilia hiyo 24 hata zaidi ya nusu saa kabla ya kushuka, na ndiyo maana tatizo linaonekana la ajabu: leo inashuka, kesho haishuki.

Inashuka ile yenye kitufe cha T, tena unapowasha kifaa kimoja tu: kifaa hicho kinavujisha umeme. Kipeleke kikatengenezwe. Usikubali kabisa fundi aitoe breka hiyo "kwa sababu inasumbua". Inasumbua kwa niaba yako.

Haishuki chochote, lakini taa zinafifia: kama zinafifia pampu tu inapoanza, ni ile sekunde ya kuanzia. Kama zinafifia mtaa mzima kila jioni, ni umeme mdogo kutoka kwenye transfoma au laini ndefu. Mein swichi mpya haitakusaidia. Toa taarifa kwa shirika la umeme, wapime volti kwenye mita.

Makosa yanayojirudia

Kuweka breka kubwa. Njia ya soketi yenye waya wa 2.5 inashuka kwenye 20, fundi anaweka 32, tatizo "limekwisha". Lililokwisha ni ulinzi. Sasa waya utachemka ndani ya ukuta na hakuna kitu cha kuuzima. Utasikia kwamba waya wa 2.5 kwenye breka ya 32 ni wa kawaida. Ni kweli, ila kwa soketi zilizozungushwa, waya ukitoka kwenye breka na kurudi kwenye breka ile ile. Mwambie fundi apime akuonyeshe kwamba mzunguko umefunga. Akisita, irudishwe 20.

Shawa kuchukua umeme jirani. Shawa ya 5,500 iwe na njia yake kutoka kwenye mein swichi: waya wa 6, breka ya 32, erthi inayofanya kazi, na breka ya kitufe cha T mbele yake. Isiunganishwe kwenye waya wa taa wa 1.5 kwa sababu ulikuwa karibu na dari. Wala isichomekwe kwenye plagi. Plagi ya pini tatu bapa ina mwisho wa ampea 13, karibu wati 3,000.

Ekstensheni ya kudumu. Soketi sita kwenye waya mmoja mwembamba hazikuongezei umeme, zinakuongezea nafasi ya kukosea. Jiko na birika vichomekwe ukutani.

Kuhesabu nafasi badala ya mzigo. Boksi la njia sita likijaa, watu husema umeme umeisha. Kilichoisha ni nafasi za breka. Boksi la njia kumi au kumi na mbili linatatua hilo bila kugusa mita. Na kinyume chake: nafasi mbili tupu hazikuambii kwamba mita ina akiba. Fundi akikupendekezea kubana nyaya za njia mbili chini ya breka moja ili kuokoa nafasi, mkatalie.

Waya wa bei ya ajabu. Waya wa alumini uliopakwa shaba unauzwa kama shaba, na mwingine umeandikwa 2.5 ndani yake kuna 1.5. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, urudishe dukani. Tafuta alama ya ubora ya TBS. Ukinunua waya huo, hesabu zote za hapo juu hazina kazi.

"Lakini..."

"Lakini jirani ana vitu vingi kuliko mimi na hana shida." Huenda njia zake zimegawanywa vizuri. Huenda pia breka yake ni kubwa kuliko waya na hajui bado.

"Nitajaza jiko, friza na kiyoyozi, si bora nimalize na fezi tatu kabisa?" Ukiwa unajenga na uwezo upo, ongea na mkandarasi mapema, kabla plasta haijapigwa. Ila kwa nyumba ambayo tayari inakaliwa, njia mbili mpya za jikoni kwa kawaida ni kazi ndogo zaidi na zitamaliza tatizo.

"Nikitumia ampea nyingi si yuniti zitaisha haraka?" Hayo ni mambo mawili. Ampea ni upana wa kinachopita kwa wakati mmoja, yuniti ni jumla ya kilichopita. Birika la wati 2,000 kwa dakika tano linakula yuniti kidogo kuliko balbu tano za LED zinazowaka usiku kucha.

Lini kweli uombe fezi tatu

- Saa yako mbaya inazidi ampea 60 hata baada ya kupanga ratiba.
- Una mashine ya kusaga, ya kuchomelea au pampu kubwa ya kisima.
- Nyumba ina viyoyozi vinne au vitano na shawa mbili zinazotumika asubuhi moja.
- Mita moja inahudumia wapangaji wengi wenye majiko ya umeme.

Ujue unachoingia. Mita itabadilishwa, mein swichi itabadilishwa, na huenda laini ya kutoka kwenye nguzo nayo. Maombi yataambatana na mchoro wa wayaringi uliogongwa muhuri na mkandarasi aliyesajiliwa. Kisha kuna kosa la baada ya hapo: fezi tatu zinakuja, fundi anaacha nyumba nzima kwenye fezi ile ile ya zamani, na zile mbili zinabeba taa za nje. Shawa, jiko na viyoyozi vigawanywe, kila kimoja kwenye fezi yake, na klampu ipime zote tatu kabla hujalipa.

Mpangaji afanye nini?

Huna ruhusa ya kugusa boksi la mwenye nyumba, lakini una haki ya kujua. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, piga picha mita na mein swichi, uliza soketi za jikoni ziko kwenye breka ipi, na kama mita ni ya pamoja, uliza wenzako wanapikia nini. Ukikuta breka moja inalisha vyumba vinne, leta presha kuka, acha jiko la sahani mbili na shawa.

Unapomwita fundi

Fundi awe na leseni ya EWURA ya kazi za umeme. Kenya leseni hutolewa na EPRA. Aionyeshe, na daraja lake liruhusu kazi unayompa. Mpe karatasi yako ya mzigo, kisha umwombe akuandikie:

- unene wa waya kutoka kwenye mita, na kama unafaa kwa mita hiyo;
- ampea alizozipima kwa klampu wakati wa mzigo mkubwa, na volti zilikuwa ngapi;
- kila breka inalinda waya wa unene gani;
- kipimo cha erthi, na kama breka ya kitufe cha T imeshuka alipoijaribu;
- skrubu zipi alizikuta zimelegea. Zikazwe zote akiwa hapo, maana kiungo kilicholegea huchemka hata kwa mzigo mdogo.

Bei ya boksi jipya ijadiliwe baada ya karatasi hiyo kuwa mkononi mwako.